Baiskeli Iliyopakwa Samli

Tangu nirudi Sirari kila mmoja wenu ameniuliza kipande chake cha safari. Chacha anataka habari za mto. Nyamhanga anataka kujua tairi la nyuma lilikuwaje. Marwa amenuna, anauliza kwa nini nilimnyang'anya spana yangu kubwa alipoiazima na kutaka kuifuta kwa kitambaa. Nimechoka kurudia, basi nimeandika. Someni kwa zamu Jumapili tutakapopindua baiskeli zetu kama kawaida, na atakayekatiza kusema "mimi nilikuambia" hataazimwa pampu.

Ninyi mnajua kwa nini nilikwenda, lakini karatasi hizi zinaweza kufika kwa mtu asiyenijua mimi Mwita, kwa hiyo nianze na aibu yenyewe. Kwetu Wakurya, ng'ombe wanaoletwa kumwoa dada ndio kaka yake anaowatumia kuoa. Nilioa kwa ng'ombe wa dada yangu Robi, na mmoja kati yao, jike jekundu, nilimuuza nikanunua baiskeli. Siku ambayo Robi alikuwa anaondoka kwenda kwa mumewe, nilipanda baiskeli hiyo asubuhi kwenda kwa binamu zetu upande wa Kenya kumletea shuka. Tairi likatoboka njiani. Sikuwa na pampu, sikuwa na kiraka, sikuwa hata na akili. Nilikaa kando ya njia nikingoja mtu mwenye vyombo mpaka jua likainama, kisha nikasukuma.

Nilipofika nyumbani, Robi alikuwa ameshakwenda. Sasa nyumbani kwetu anayeondoka kwenda kuishi mbali hupakwa samli kidogo kwenye paji la uso na ndugu aliyemtangulia kuzaliwa. Ndugu huyo ni mimi, hakuna mwingine. Mama alitaka yeye ndiye ampake, Robi akakataa. Aliacha ujumbe tu: "Mwambieni kaka kwamba ng'ombe wangu amemshinda, na mimi nimeondoka na uso mkavu." Maneno hayo yalikaa kifuani mwangu miaka miwili, na ndiyo yaliyonifanya niwe mtu wa spana kama mnavyoniona.

Mwaka huu Robi amepata mtoto wa kwanza. Padri hufika kwenye kigango chao, huko mbele ya Mugumu, mara moja kwa miezi mingi. Robi alimtuma mchuuzi wa ng'ombe aniambie kwamba ananitaka niwe msimamizi wa ubatizo, Jumapili. "Aje mwenyewe, asitume salamu," alisema. "Na aje na ng'ombe wangu nimwone." Nilijua nikikosa safari hii hataniita tena.

SIRARI MPAKA TARIME: MASHAURI YA BURE

Niliondoka Ijumaa kukipambazuka, nanyi mlikuwa mmesimama barabarani. Kwenye mfuko wa ngozi chini ya kiti nilikuwa na spana mbili, bisibisi, vyuma viwili vya kutolea tairi, msasa, viraka, na solusheni ya kubandikia iliyobaki nusu. Pampu niliifunga kwenye fremu kwa kamba mbili. Nilijiona mwanamume kamili.

Marwa alisema nisijaze upepo sana, jua la mchana litaupasua mpira. Chacha akasema nijaze mpaka tairi ligome kidole. Nyamhanga akasema tairi likinifia kabisa nijaze nyasi kavu niendelee, nami nikacheka mpaka nikakohoa. Nikawaambia nyote, kama ninavyowaambia kila Jumapili, kwamba siri ya baiskeli ni moja: kila kinachozunguka kipakwe mafuta. Mkumbuke niliyasema mimi kwa mdomo wangu.

Tarime nilifika mapema, nikanywa chai na mandazi matatu. Dereva wa lori lililokuwa linapakia mahindi alinihurumia, akaniambia nitupe baiskeli yangu juu ya magunia anisogeze. Nilikataa. Nilimwambia hiyo ni ng'ombe wa dada yangu, na ng'ombe huswagwa, habebwi. Akamuuliza mwenye chai kama ninafahamika.

TARIME MPAKA NYANUNGU: PEDALI YA KUSHOTO

Mbele ya Tarime, kwenye vilima vyenye migomba pande zote mbili, nilimkuta mwanamume mnene ameipindua baiskeli yake chini ya jua. Kwenye keria alikuwa na tenga la kuku. Mnajua sheria yetu: mwenye baiskeli hampiti mwenye baiskeli iliyopinduliwa. Nikashuka.

Pedali yake ya kushoto ilikuwa imekatika ekseli, alikuwa na nyingine mpya mfukoni, lakini ile ya zamani ilikataa kutoka. Alikuwa anaikamua na spana mpaka shingo imevimba.

"Mura, ndugu yangu, hapo unaikaza," nikamwambia.

"Ninafungua."

"Unakaza. Ya kushoto huzungushwa kinyume. Ndivyo ilivyotengenezwa, isijifungue unapoendesha."

"Nimefungua nati tangu sijaoa," akasema. "Zote hufunguka upande mmoja. Wewe ni fundi au ni mpita njia?"

Tulibishana mpaka kuku wakanyamaza kusikiliza. Mwishoni akanikabidhi spana kwa hasira ili nijiaibishe. Nilizungusha kinyume, lakini alikuwa ameikaza kwa nguvu za mtu mnene, haikutikisika. Ikabidi tuingize spana, yeye akanyage kwa mguu na mimi nishikilie gurudumu. Pedali ikaachia ghafla, mguu wake ukaenda ndani ya tenga, na kuku wanne wakatoka kwenda migombani. Kuwakamata kuku kwenye migomba ni kazi ya watu sita, na sisi tulikuwa wawili.

Tulipowapata wote na kufunga pedali mpya, ningeweza kuondoka. Lakini mimi nikaanza kumfundisha habari ya gololi, grisi na mnyororo, na jua likawa linakwenda. Alinipa viazi vitamu vya kuchemsha, akaniambia, "Wewe una moyo mzuri, lakini unaongea kuliko kengele yako." Nilipotazama kivuli changu kilikuwa kirefu. Nilikuwa nimepoteza zaidi ya saa tatu, moja kwa sababu yake na mbili kwa sababu ya mdomo wangu.

NYANUNGU: KILA KINACHOZUNGUKA

Niliingia Nyanungu ng'ombe wakirudi zizini, kwa shangazi yake Chacha, Bibi Bhoke. Nilimpa shikamoo, akaniitikia huku anatazama baiskeli. Vumbi la siku nzima lilikuwa limeingia kila mahali, na gurudumu la mbele lilikuwa linalia.

"Hii kitu inalia nini?" akauliza.

Sasa ningejibu "vumbi" yangeisha. Lakini alikuwa ameniwekea ugali wa ulezi, mgagani na maziwa ya mgando, tumbo limejaa, nami mtu akiniuliza habari ya baiskeli sijui kufupisha. Nikamwambia, "Bibi, baiskeli ni kama ng'ombe, haimpi kitu asiyeitunza. Inalia kwa sababu imekauka. Kila kinachozunguka lazima kipakwe mafuta, na mafuta yangu yameniishia." Akatikisa kichwa kwa huruma kweli. Akaniambia nikalale, mgeni amechoka.

Asubuhi nilitoka nikakuta baiskeli inang'aa. Bibi Bhoke alikuwa ameamka kabla ya kukamua, akachukua kibuyu kizima cha samli, akaipaka. Alipaka ekseli. Alipaka mnyororo, pedali na spoku moja moja. Alipaka rimu zote mbili, ndani na nje, kwa sababu rimu nazo si zinazunguka? Hata usukani alikuwa ameupaka.

"Huo niliona hauzunguki," akasema, "lakini ulikuwa unanitazama."

Kisha akanionyesha mfuko wa vyombo. "Na vyuma vyako vilikuwa vikavu, nikavihurumia."

Ninyi mnajua samli ya kibuyu kizima ni maziwa ya siku ngapi. Yule mama alikuwa ameitoa kwa kitu cha mgeni, tena kwa neno langu mwenyewe. Ningesema nini? Nilimshika mikono yote miwili nikamshukuru, na shukrani ilikuwa ya kweli, ingawa mikono yetu iliteleza. Mbwa wake wawili walikuwa wameshaanza kulamba gurudumu la nyuma.

KUTEREMKA KEWANJA

Nilipopita kona, asinione, nilishuka nikasugua rimu kwa majani. Majani yaliisambaza samli vizuri zaidi. Nikajiambia breki zitashika kidogo kidogo.

Kutoka Nyanungu kuelekea Kewanja njia inashuka, na mnaoijua mnajua inavyoshuka. Nilibana breki ya mbele, ikateleza. Nikabana ya nyuma, ikateleza kwa adabu zaidi. Baiskeli iliyopakwa samli kila kinachozunguka inakwenda, ndugu zangu, hilo siwezi kuisingizia. Sijawahi kusikia chombo kinanyamaza hivyo, hakuna kilio, hakuna mlio, upepo tu masikioni. Mbuzi walinipisha. Mzee mmoja alinisalimia na salamu yake nikaiacha nyuma. Niliogopa sana, nasema wazi, na nilichokiona mbele ya macho yangu si kifo, ni Robi amesimama na mtoto anatazama barabara tupu.

Nilielekeza usukani kwenye lundo la mabua ya ulezi kando ya nyumba moja, nikaingia mpaka kiunoni. Mwanamke aliyekuwa anapepeta nafaka pale uani hakuinuka hata.

"Umefika," akasema.

Nikatoka na mabua kichwani, nikamwamkia. Akasogea, akanusa. "Baiskeli yako inanukia kuliko chungu changu. Nani ameipikia?"

Nikamweleza. Wanaume watatu waliokuwa wanakwenda kuchimba dhahabu na masururu yao wakasimama kusikiliza, na kila mmoja akawa na shauri. Mmoja alisema tuipitishe kwenye moto. Mwingine akasema mchanga. Wa tatu hakuwahi kugusa baiskeli maishani mwake, na huyo ndiye aliyesema kwa kirefu kuliko wote. Nilikasirika kwa sababu niliisikia sauti yangu ndani yake.

Yule mwanamke aliwaacha wamalize, akaenda jikoni, akarudi na majivu kwenye ungo. "Samli hutolewa kwa majivu na maji," akasema. "Kila msichana anayeosha kibuyu anajua. Ninyi wenye baiskeli hamna dada?"

Nikamwambia ninaye mmoja. Tulisugua rimu na mipira ya breki, na kweli breki zilishika. Akanifungia majivu mengine kwenye jani la mgomba, nikayaning'iniza kwenye usukani. Nilishukuru kwa adabu, lakini moyoni nilisema, mtu mwenye spana mbili na bisibisi sasa anabeba majivu kama mpishi.

MTO MARA NA MWIBA

Chacha, mto ulikuwa hivi. Maji yalifika mapajani, kwa kuwa ni kiangazi. Kulikuwa na vijana wawili wenye fimbo ndefu, kazi yao ni kuvusha watu mahali pale, na wanajua mamba hulala upande gani. Mmoja aliibeba baiskeli kichwani, magurudumu juu. Ilimteleza mara mbili, akauliza kama ni samaki. Mimi nilibeba majivu juu ya kichwa yasilowe, sijui kwa nini.

"Umebeba nini kwa heshima hivyo?" akaniuliza mwenzake.

"Majivu."

Alimtafsiria mwenzake kwa Kikurya kana kwamba mimi siyo Mkurya, wakacheka mpaka ng'ambo.

Haikupita hata saa moja tangu tuachane, mwiba ukaingia kwenye tairi la nyuma. Sikuogopa. Miaka miwili nilikuwa nikiungoja mwiba huo. Nilikaa kwenye kivuli, nikatoa tairi, nikalipata tundu, nikasugua msasa, nikapaka solusheni, nikapuliza, nikabandika kiraka. Kikateleza kikakaa pembeni. Nikabandika cha pili. Nacho kikatembea. Ndipo nilipotazama: msasa una samli, vyuma vina samli, viraka vina samli, vidole vyangu vina samli. Bibi Bhoke hakuacha kitu kikavu.

Hapo cheko liliniisha. Solusheni ilikuwa imebaki ya kiraka kimoja, siku ni Jumamosi alasiri, na Mugumu haijaonekana. Niliona nimerudi palepale, kando ya njia, na tairi mkononi, dada yangu akiningoja. Wakati ule nilishindwa kwa kukosa vyombo, na sasa nilikuwa nashindwa kwa kuwa navyo. Nililia kidogo. Mnaweza kucheka, lakini nimeamua kusema yote.

Kisha macho yakaangukia jani la mgomba. Nilichukua majivu, nikatia maji ya kunywa, nikaosha mikono mpaka ngozi ikakwaruza. Nikaosha mpira, nikaosha msasa na kiraka cha mwisho, nikavianika. Nikabandika, nikakikalia kama kuku anayeatamia. Kikashika. Yule mama wa Kewanja akipita Sirari ale na kunywa kwangu mpaka achoke.

Nililala kwa watu wema kabla ya Mugumu, wakanipa ugali na mlenda, na mbwa wao walilala chini ya baiskeli.

KIGANGONI

Jumapili asubuhi, Mugumu iko nyuma, mwiba wa pili. Tairi lilelile, tundu jingine, na solusheni hakuna. Nyamhanga, sasa furahi. Nilikata nyasi kavu, nikazishindilia ndani ya tairi kwa mpini wa bisibisi mpaka likafura, nikapanda. Linagonga makalio, linakwenda upande, lakini linakwenda. Mbwa watatu walinifuata wakilamba kila nilipopunguza mwendo kwenye kilima.

Niliona paa la nyasi la kigango, na nje mstari wa akina mama na watoto. Padri alikuwa anafunga kitabu. Mwanamke mmoja alikuwa amebaki peke yake mwishoni, mtoto analia, katekista anamwambia kitu na yeye anatikisa kichwa. Alikuwa Robi. Nilipiga kengele, nayo ilikuwa na samli, ikatoa sauti ya kikohozi. Hata hivyo aligeuka.

Padri alitazama mikono yangu, akaomba maji na sabuni kwanza. Mtoto akabatizwa Yohana mikononi mwangu, akinusa shati langu.

Baadaye ndipo Robi aliponiambia. "Nilirudi nyuma ya mstari mara nne. Mara ya mwisho nilimfinya mtoto alie, nipate sababu ya kutoka."

"Ungengoja mpaka lini?"

"Mpaka padri apande gari lake."

Alimpa mumewe mtoto, akaizunguka baiskeli pole pole, kama watu wanavyomzunguka ng'ombe mnadani. Alishika kiti, akaminya tairi la nyuma, akachomoa unyasi mmoja.

"Huyu anakula nyasi," akasema.

"Anakula."

Akanusa vidole vyake. "Na ana samli. Kaka, kweli umeniletea ng'ombe." Akacheka, na mimi nikacheka, na katekista akacheka bila kujua kitu. Halafu akatazama chini.

"Niliondoka na uso mkavu," akasema.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Sirari, maneno mengi, mnanijua. Niliyaacha yote. Nilifungua mfuko wa ngozi nikatoa spana kubwa. Samli ya Bibi Bhoke ilikuwa bado imo kwenye meno yake, nyeupe, imeganda. Nikaikwangua kwa kidole, nikampaka dada yangu kwenye paji la uso, mbele ya mumewe na wale mbwa watatu. Alifumba macho. Nilikaa kwake siku mbili, wakinilisha kama ng'ombe mwenyewe, na siku ya pili paji lake lilikuwa bado linang'aa.

Marwa, samli nyingine bado imo kwenye spana ile. Ukiihitaji spana, niite nije nikufungulie nati mwenyewe.